Mustang ipi ununue: ya 1966, ya 1990 au ya juzi?

Kila mwezi kuna mtu wa kwetu hapa Houston anayenipigia simu kwamba ameona Mustang, lile gari la michezo la Ford, inauzwa, niende nikamtazamie. Wengi huanza na injini. Ni V8, yaani ya silinda 8? Ina nguvu za farasi wangapi? Mimi huwaambia waanze na bodi. Injini ya Mustang ya mwaka wowote utaipata, na spea zake zimejaa Marekani nzima. Kinachomfilisi mtu ni kutu iliyokula chasisi huku juu kumepigwa rangi ikang'aa. Kwa hiyo hapa nimezipanga kwa kipimo kimoja: ukiinunua leo, utaiendesha, au itakaa gereji ikikusubiri upate pesa?

Nafasi ya kwanza: GT ya 2015 hadi 2023

GT ni toleo la Mustang lenye V8. Hii ndiyo Mustang ya kwanza ya kawaida ambayo kila tairi la nyuma lilipewa saspensheni yake, badala ya ekseli moja iliyonyooka kutoka kulia hadi kushoto. Ukipita kwenye makorongo kwa kasi utaelewa maana yake: gari halirukiruki kiuno. V8 ya lita 5.0 ilianza na farasi 435, na kuanzia modeli ya 2018 wakawa 460. Ningekuwa nanunua leo kwa ajili ya matumizi ya kila siku, ningetafuta ya 2018 kwenda mbele yenye gia 6 za mkono. Otomatiki ya gia 10 ya miaka hiyo inalalamikiwa na wengi kwa kubadilisha gia kwa kishindo, kwa hiyo iendeshe kwanza ikiwa baridi, kisha tena ikiwa imepata moto. Muuzaji akiwa ameiwasha kabla hujafika, omba urudi siku nyingine.

Mustang ya miaka hiyohiyo isiyo GT, ile ya silinda 4 yenye turbo, lita 2.3 na farasi 310, ni gari zuri kwa safari ndefu za kazini. Sauti ya V8 huipati, na kama sauti ndiyo iliyokutoa nyumbani, usijidanganye, utaiuza ndani ya mwaka.

Ya pili: GT ya 2011 hadi 2014

Injini ya 5.0 iliyorudi mwaka 2011 ilitoa farasi 412, na kwa mwenye pesa za kiasi sioni kinachoishinda. Ekseli ya nyuma bado ni ya zamani, lakini ni ngumu kama jiwe. Jaribu gia ya pili mapema asubuhi, kwa kuwa giaboksi hii ya mkono ina sifa ya kugoma kuingia ikiwa baridi. Boneti ni ya aluminiamu na rangi huvimba malengelenge kwenye ukingo wa mbele. Hilo ni la kupunguziwa bei, lisikukimbize.

Kwa tunaoishi Texas, kuna jambo jingine. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilizamisha magari mengi mno mjini hapa, na mengine yalioshwa yakarudi sokoni katika majimbo ya mbali. Vuta mkanda wa kiti cha dereva wote hadi mwisho. Sehemu ile ambayo huwa imejikunja ndani ya nguzo haiguswi na waoshaji. Ukiona mstari wa tope au ukasikia harufu ya uvundo, rudisha funguo.

Ya tatu: ya 1965 au 1966, paa gumu, V8 ya 289

Hiyo 289 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumia.

Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia mjini New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Ndani ya miaka miwili ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Ndiyo maana hadi leo zipo, na karibu kila kipande kinatengenezwa upya, hata bodi nzima unaweza kuagiza. Wote wanataka ile ya paa la mteremko hadi kwenye buti, na bei yake imepanda kupita kiasi. Ile ya paa gumu ya kawaida ni gari lilelile chini, kwa bei ya chini sana. Mimi naipendelea hiyo.

Soma namba ya gari (VIN) kabla ya kusifia rangi. Ina herufi na tarakimu 11, na imegongwa kwenye bati la ndani ya sehemu ya injini, upande wa dereva. Tuseme inaanza 6R07C. Hiyo 6 ni modeli ya 1966. R ni kiwanda cha San Jose (F ni Dearborn, T ni Metuchen). 07 ni paa gumu, 08 paa la turubai, 09 paa la mteremko. Na C ni injini ya 289 ya farasi 200. A ni ya farasi 225, K ni ile kali ya 271. T mahali hapa pa injini ni silinda 6. Sasa, kifurushi cha GT cha miaka hiyo kiliwekwa kwenye A na K peke yake. Mtu akikuuzia "GT" yenye C, anakuuzia nembo. Na ukiona T ya injini lakini ndani kuna V8, hesabu nati za tairi: silinda 6 zilitoka na nati 4, V8 na nati 5. Zikiwa 4, ujue aliyebadilisha injini hakugusa ekseli wala breki, na gari hilo si salama.

Halafu omba jagi la maji. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kuingizia hewa. Miaka yote hiyo majani yamekuwa yakiingia humo, yakishika unyevu, na bati linaoza kwa ndani usikoona. Mimina maji taratibu upande wa kulia, kisha kushoto, huku mwenzio ameweka kiganja chini ya dashibodi. Maji yanapaswa kutokea nje, nyuma ya matairi ya mbele. Yakidondoka kwenye kapeti, fundi atalazimika kung'oa bawa (bati la juu ya tairi la mbele), boneti na kioo na kutoboa weldi moja baada ya nyingine. Muuzaji mmoja alinikatalia maji kabisa. Nikainua kapeti ya dereva, nikakuta sakafu imezibwa kwa kipande cha kibao cha barabarani kilichopigwa ribiti, rangi ya kijani bado inaonekana.

Chukua sumaku, uifunge kwa kitambaa, uipitishe kwenye vizingiti vya milango na juu ya matairi ya nyuma. Isiposhika, umekutana na puti, ile dawa ya kuzibia bati lililooza. Na kabla hujaingiza barabarani, badilisha breki za dramu za mbele ziwe za diski.

Ya nne: 5.0 ya 1987 hadi 1993

Nyepesi, rahisi kutengeneza, farasi 225 kwa miaka mingi ya toleo hilo. Askari wa barabara kuu wa California walikuwa wakitumia Mustang za kizazi hiki kuanzia 1982 kukimbizana na wahalifu. Tafuta ambayo haijachezewa, nazo ni adimu: nyingi zilipitia mikono ya vijana wa mashindano. Lala chini uangalie pale mikono ya ekseli ya nyuma inaposhikana na bodi. Bati hupasuka hapo.

Zinazobaki

Za 2005 hadi 2009 zina sura nzuri, ila V8 ya hadi mwanzoni mwa 2008 plagi zake hukatikia ndani ya silinda hedi. Nunua yenye risiti ya plagi kubadilishwa. Nyingi za miaka ya mwisho ya 1990 hadi 2001 zenye V8 ya 4.6 zina manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) ya plastiki inayopasuka na kuvujisha maji. Kizazi cha 1974 hadi 1978 kilijengwa juu ya Pinto, gari dogo, na simshauri mtu. Mpya ya 2024 kuendelea, yenye farasi 480, ni nzuri kweli, lakini acha mwenzako alipie ile hasara ya miaka mitatu ya kwanza.

Kama unataka kuipeleka nyumbani

Usinunue Marekani kwa ajili ya Kenya. Kenya haisajili gari dogo la kawaida lenye usukani wa kushoto, na lililotumika lisizidi miaka 8. Ford ilianza kutoa Mustang za usukani wa kulia kiwandani kuanzia modeli ya 2015, na Uingereza ziliuzwa nyingi. Ila kule barabara humwagwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo mtu wako wa London asikutumie picha za rangi na viti. Mwambie aombe gari lipandishwe kwenye jeki, aingie chini na tochi, akupigie video ya reli za nyuma, mabomba ya breki na difu.