Zana huria za kuona molekuli na kutabiri spektra: ipi uanze nayo

Malalamiko ya wasomaji yanafanana: zana imetabiri namba safi kabisa, kipimo cha maabara kimesema jingine, na haijulikani kipi kiaminiwe. Kwa hiyo rangi za molekuli na kasi ya kuizungusha sitazigusa. Naangalia jambo moja ambalo wengi hulipita: zana inakwambia namba yake imetoka wapi?

Chukua ethanoli. Hidrojeni ya OH, ndani ya klorofomu na ethanoli ikiwa kidogo sana, huonekana karibu na 1.3 ppm kwenye spektra ya NMR, yaani mchoro wa vilele unaoonyesha atomi zinavyoitikia ndani ya sumaku kali (ppm ni kipimo cha mahali kilele kinapokaa). Ndani ya DMSO, kiyeyushi kingine, inaruka hadi karibu 4.6, na molekuli ni ileile! Jirani zake wa CH2 husogea kama 0.3 tu. Zana inayokupa namba moja ya OH bila kutaja kiyeyushi imekuachia kitendawili.

Namba moja kwangu ni nmrshiftdb2, hazina huria ya spektra za NMR, na upendeleo huo sifichi. Sura yake ni ya kizamani. Lakini kila kaboni uliyochora inalinganishwa na kaboni zenye majirani kama wake katika spektra zilizopimwa kweli, kwa msimbo wa HOSE (unaoorodhesha majirani wa atomi duara kwa duara) ambao mtafiti Bremser aliutoa mwaka 1978, na unaonyeshwa ulinganisho umefika duara la ngapi kutoka kwenye atomi yenyewe. Ukifika la nne au la tano, endelea na kazi. Ukiishia la pili, usiandike ripoti bado.

Inafuata nmrdb.org: unachora molekuli, inakutolea spektra nzima yenye vilele vilivyogawanyika. Kwa kufundishia ni nzuri mno. Spektra za masi, zinazopima uzito wa vipande vya molekuli iliyovunjwa, iachie CFM-ID, inayotabiri vipande hivyo kwa nishati za kuvunjia za 10, 20 na 40 eV (elektronivolti).

Kuona umbo tu? Mol* kwa protini kubwa, 3Dmol.js kwa kupachika molekuli kwenye ukurasa wako. JSmol inajua mengi, ila protini kubwa huilemea.

Wanaoniudhi ni wauzaji wa programu za kulipia. Bei hawaiandiki, mpaka uombe, nao wakupime mfuko kwanza. Leseni ikiisha, faili zako zimefungiwa ndani ya muundo wao. Kabla hujatoa hela, uliza kama programu inahifadhi spektra kwa JCAMP-DX na molekuli kwa molfile, miundo ya faili inayosomwa na programu nyingi. Muuzaji akizungukazunguka, usinunue.