Kamusi ya mfukoni na kitenzi "run"

Kamusi ya mfukoni ya Kiingereza na Kiswahili niliyomnunulia binti yangu wa kidato cha pili ina jalada imara na herufi zinazosomeka vizuri, lakini mimi huipima kamusi kwa vitenzi vyake vidogo, kwa hiyo nilianza na "run". Nilikuta "kimbia" na "endesha" tu, ilhali wahariri wa Oxford English Dictionary wameorodhesha maana 645 za kitenzi hicho. Sidai zote zitoshe mfukoni. Nadai zile za kila siku. Binti yangu alikutana na sentensi "we have run out of sugar", akaandika kwa kalamu ya risasi "tumekimbia nje ya sukari", kumbe maana yake ni "sukari imetuishia". Vivyo hivyo, maji hutiririka bombani, mwanasiasa hugombea urais na pua hutoka kamasi. Kiingereza hutumia "run" kote huko, nasi tuna kitenzi mahususi kwa kila tendo. Nomino zimefafanuliwa vyema, hasa za vyakula. Kwa mwanafunzi wa sekondari, hata hivyo, ningeshauri kamusi kubwa zaidi yenye mifano ya sentensi.