Jumamosi nne za mekanika ya udongo Tanga: mafunzo yanayostahili ada yake

Nimemaliza mwezi uliopita mafunzo mafupi ya mekanika ya udongo, yaani somo la jinsi udongo unavyobeba mizigo, yanayotolewa na maabara ndogo ya binafsi hapa Tanga mjini kwa wanafunzi wa uhandisi ujenzi walio likizoni. Ada ni shilingi 80,000 kwa Jumamosi nne, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, pamoja na kabrasha la mazoezi. Nilikwenda kwa sababu somo hili nilikuwa nimelifaulu chuoni bila kulielewa: niliweza kukokotoa, lakini ningepewa bonge la udongo mkononi nisingejua la kulifanyia.

Jumamosi ya kwanza hatukuandika fomula hata moja. Mkufunzi, fundi sanifu wa siku nyingi, alituwekea mezani sinia tatu: mchanga wa ufukwe wa Raskazone, udongo mwekundu uliochotwa njia ya Pongwe, na tope la kijivu kutoka pembezoni mwa mikoko. Tulitakiwa kuugusa kila mmoja ukiwa mkavu na ukiwa umeloa, kisha kueleza tofauti. Baadaye ndipo alipotuambia kuwa chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, kwa hiyo hakuna chekeche litakalozitenganisha, na ndiyo maana hupimwa kwa kasi ya kuzama kwake ndani ya maji.

Jaribio lililonikaa zaidi siku hiyo ni la kibakuli cha shaba alichokisanifu mhandisi Arthur Casagrande. Unapaka udongo uliokorogwa kwa maji, unauchora mfuo katikati, kisha unazungusha mkono wa chombo ili kibakuli kiinuke na kuanguka milimita 10, tena na tena, huku ukihesabu. Unyevu ambao mfuo hujifunga kwa urefu wa milimita 13 katika mapigo 25 ndio ukomo wa umajimaji, yaani mpaka ambapo udongo huanza kutiririka. Kwa upande wa pili, unausokota udongo juu ya kioo kwa kiganja mpaka uwe uzi wa milimita 3. Ukianza kukatikakatika hapo, umefika ukomo wa kufinyangika, yaani unyevu wa chini kabisa ambao udongo bado hufinyangika. Uzi wangu wa kwanza ulikatika ungali mnene kama penseli, na mkufunzi akaniongezea matone mawili ya maji, akasema, "Sokota taratibu mwanangu, udongo wenyewe utakwambia." Albert Atterberg, mkemia wa Sweden, aliieleza mipaka hii mwaka 1911, lakini mimi nimeielewa kwa vidole vyangu.

Kilichonifanya niandike tathmini hii, hata hivyo, ni Jumamosi ya pili. Mkufunzi alijaza mchanga kwenye ndoo yenye mpira wa maji uliounganishwa chini yake, akaweka tofali juu ya mchanga, na tofali likatulia. Kisha akafungua bomba polepole ili maji yapande kutoka chini. Kwa muda hapakuonekana kitu. Halafu uso wa mchanga ukaanza kutetema kama uji unaokaribia kuchemka, tofali likainama upande mmoja na kutitia mpaka likafunikwa. Alipofunga bomba na maji kushuka, mchanga ulikuwa mgumu tena, na ilibidi tulifukue tofali kwa mwiko. "Wanangu," alisema, "udongo hubeba mzigo kwa chembe kugusana. Maji yakizisukuma zisigusane, hamna msingi hapo."

Hiyo ndiyo kanuni ya mhandisi Karl Terzaghi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 ndicho kilicholifanya somo hili lisimame peke yake: mkazo (nguvu kwa kila eneo) unaobebwa na chembe ni mkazo wote ukitoa shinikizo la maji yaliyomo katika vinyweleo, yaani nafasi zilizo kati ya chembe. Tuliikokotoa papo hapo kwa kina cha mita 3. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa na mchanga ukiwa na uzito wa kilonyutoni 17 kwa mita ya ujazo, chembe hubeba kilopaskali 51. Masika maji yakifika usawa wa ardhi, mchanga ulioshiba hufikia kilonyutoni 20, mkazo wote unakuwa 60, lakini ukiondoa 29.4 za maji, chembe zinabakiwa na 30.6 tu. Ardhi imeongezeka uzito na wakati huohuo imepungukiwa nguvu. Hesabu hii niliwahi kuifanya chuoni na kupata alama zote, na sikuwahi kuiona maana yake.

Siku ya tatu ilikuwa ya kushindilia, kwa nyundo ya kilo 2.5, tabaka tatu, mapigo 27 kila tabaka. Imeendeshwa vizuri, ingawa tulikuwa watu 22 kwa vifaa seti mbili, na wengine walitazama tu.

Jumamosi ya nne ndiyo dhaifu. Mada ya udongo kutitia polepole chini ya jengo ilipewa saa moja, na edometa, mashine ya kupima kutitia huko, ilikuwa mbovu, tukaonyeshwa picha. Ni kasoro kubwa, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea: kwamba mfinyanzi hukamua maji yake kwa miaka, na kwamba njia ya maji kutokea ikifupishwa nusu, muda hushuka hadi robo. Wenye maabara waitengeneze mashine hiyo kabla ya kuchukua ada nyingine, au waseme mapema kwamba haipo.

Kabrasha nalo lina kosa: ukurasa wa uwiano wa vinyweleo umechanganya maana yake na ya asilimia ya vinyweleo. Uwiano hugawanya ujazo wa vinyweleo kwa ujazo wa chembe peke yake. Asilimia hugawanya kwa ujazo wote. Uwiano ukiwa 0.8, asilimia ni 44, wala si 80.

Pamoja na hayo, kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, ningelipa tena kwa ajili ya ile ndoo na kwa sababu kila kitu kilielezwa kwa Kiswahili fasaha, tukauliza bila woga. Atakayejiandikisha awahi, ashike nafasi mbele karibu na kibakuli, avae viatu vya kufunika vidole, na asahihishe ukurasa huo kwa kalamu kabla ya kuanza mazoezi.