Digitimer DS7A: mashine ya shoti kwa wanaopima dawa za maumivu

Paracetamol gramu 1 na aspirini gramu 1 zote hutuliza kichwa kinachogonga. Zipeleke kwa watu wasio na ugonjwa wowote, wapige shoti nyuma ya kifundo cha mguu, utaona zinaachana: katika jaribio lililochapishwa 1991, paracetamol ilipandisha kizingiti (shoti ndogo kabisa inayoiamsha) cha refleksi ya RIII, ule mguu kujikunja wenyewe kwa amri ya uti wa mgongo. Aspirini haikukitikisa. Tofauti kama hiyo huonekana tu pale mashine ya shoti isipoyumba, na hapo ndipo DS7A ya Uingereza inapolipa gharama yake.

Inatoa mkondo hadi miliampea 100, kwa volti hadi 400, na pigo la mikrosekunde 50 hadi 2000. Ngozi ikikauka au ikitoa jasho katikati ya kazi, volti inajirekebisha na miliampea ulizoweka zinabaki zilezile. Lakini piga hesabu: miliampea 40 zikikutana na ukinzani wa kiloomu 10, volti 400 zote zimekwisha. Ngozi isiyosuguliwa hufika huko bila shida. Kisha mtu anapata mkondo pungufu kuliko unaosomeka kwenye kitufe, refleksi inafifia, nawe unaisifu dawa bure. Sugua, futa kwa spiriti, pima ukinzani. Usianze kabla haujashuka chini ya kiloomu 5.

Kasoro yake kubwa ni kwamba kila amri inaleta pigo moja tu. Kwa refleksi ya H, ile ya msuli kujikaza bila maumivu, hilo halina neno: pigo moja la milisekunde 1 nyuma ya goti, jibu kwenye msuli wa soleasi, ulio kwenye shavu la mguu, baada ya milisekunde 30 hivi. RIII inataka mfululizo, kwa kawaida mapigo 5 ya milisekunde 1, yakipishana kwa milisekunde 4. Kwa hiyo lazima kompyuta ya EMG (inayorekodi umeme wa misuli) au jenereta nyingine iiamrishe, na hiyo ni bei ya pembeni ambayo wengi huisahau kwenye bajeti.

Elektrodi za shoti zikae juu ya neva ya surali, neva ya hisia ya mguu, nyuma ya kifundo cha nje; za kurekodi kwenye bisepsi ya paja, goti likiwa limekunjwa kidogo na msuli umelegea. Soma milisekunde 90 hadi 150 tu baada ya shoti. Kabla ya hapo ni RII, ambayo ni ya mguso. Baadaye sana unaweza kuwa unarekodi mshtuko au mtu anayevuta mguu kwa hiari yake. Panda kwa miliampea 2 hadi refleksi itokee, kisha shuka na kupanda kwa 1, mara kadhaa, uchukue wastani. Achanisha shoti kwa sekunde 8 hadi 12 bila mpangilio. Akijua lini inakuja, atakaza msuli. Anayezungusha kitufe asijue kidonge ni dawa au ni chaki, maana mkono wake unaweza kupendelea.

Ukifanya hivyo, kipimo kinakuambia dawa inafanyia kazi wapi. Kikundi cha mtafiti Willer huko Paris kilionyesha kwamba morfini inapunguza RIII hata kwa watu ambao uti wao umekatika kabisa, hivyo inagusa uti wenyewe. Ketoprofeni, dawa ya maumivu na uvimbe, ilipandisha kizingiti kwa wenye afya, lakini kwa waliokatika uti haikufua dafu: njia yake inapitia ubongo.

Usiamini refleksi peke yake, hata hivyo. Dawa ya kulegeza misuli nayo inaweza kuishusha huku maumivu yako palepale, kwa hiyo kila shoti iandamane na alama ya maumivu, 0 hadi 100, kutoka kinywani mwa mhusika. Na mwenye betri ya moyo asifungwe waya kabisa.