RabbitMQ: uzoefu wangu wa kujifunza mifumo inayotumiana meseji bila kusubiriana

Nimekaa na RabbitMQ, programu inayopokea meseji kutoka programu moja, inazipanga foleni na kuzikabidhi programu nyingine, kama miezi minne sasa, nataka niwaeleze vile nilijifunza na pale nilipoumia, manake nilipokuwa natafuta mtu wa kunielezea hii kitu kwa Kiswahili sikupata.

Mimi natengeneza mfumo wa tiketi za basi hapa Mombasa. Mwanzo ilikuwa programu moja tu, abiria akibonyeza lipa basi seva inafanya kila kitu hapo hapo, inaandika kwa databesi, inatengeneza tiketi ya PDF, inatuma SMS, inatuma imeli, ndio sasa inamrudishia jibu. Siku za kawaida sawa. Ikifika Desemba watu wanaposafiri kwenda bara, ukurasa unazunguka tu, mtu anadhani haijaingia anabonyeza tena. Nikaongeza nguvu ya seva, wapi. Shida ni kwamba abiria alikuwa anasubirishwa kazi ambazo zingeweza kufanywa yeye akishaondoka.

Kilichonifungua macho ni M-Pesa yenyewe. Kama umewahi kuunganisha Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, unajua, ukituma ombi la STK push, lile linalomletea mteja dirisha la kuweka PIN kwa simu, huambiwi papo hapo kama mtu amelipa, unaambiwa tu ombi limepokelewa na unapewa CheckoutRequestID, yaani namba ya hilo ombi, halafu baadaye ndio matokeo yanaletwa kwenye anwani uliyotoa, ResultCode ikiwa 0 kalipa, ikiwa 1032 kakatiza mwenyewe. Yaani hawakuweki kwa laini ukingoja mtu atafute PIN yake. Nikasema hii ndio nataka ndani ya mfumo wangu.

Nikachagua RabbitMQ kwa sababu ni ya bure na masomo yao ni maandishi, hayali bando. Imekuwepo tangu 2007, imeandikwa kwa Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu. Kuiweka ni amri moja ya Docker, chombo cha kuendesha programu zilizofungashwa tayari, chukua ile yenye ukurasa wa usimamizi, unafungua poti 15672 kwa brauza unaona foleni zako zote na meseji ngapi zimelala. Jina ni guest na nywila ni guest, ila hiyo imewekwa kwa mashine yako mwenyewe tu, kwa seva ya kweli tengeneza mtumiaji mwingine.

Somo la kwanza unalimaliza kabla chai haijapoa. Somo la pili, la kugawa kazi, hapo ndipo nilikaa siku tatu na sijutii. Unatuma meseji yenye nukta, kila nukta ni sekunde moja ya kazi, ukiweka nukta tano mfanyakazi, yaani programu inayosubiri foleni, analala sekunde tano. Nikawasha wafanyakazi watatu, nikamuua mmoja katikati ya kazi, meseji yake ikaenda kwa mwenzake bila mimi kugusa kitu. Nilirudia hilo zoezi hadi usiku. Siri ni uthibitisho: mfanyakazi akimaliza anatuma basic_ack, na mpaka atume RabbitMQ inaihesabu meseji kama haijafanyiwa kazi.

Sasa kwa mradi wangu hilo neno moja nililisahau. Nilipeleka mfanyakazi wa SMS kwa seva, tiketi zinatoka, abiria wanapata, nikalala na amani. Kumbe meseji zote zinakaa kwa safu ya Unacked, yaani zisizothibitishwa, na kwa mpangilio wa kawaida RabbitMQ inasubiri uthibitisho dakika 30 halafu inafunga chaneli, yaani njia ya mawasiliano na mfanyakazi, na kurudisha meseji kwa foleni. Mfanyakazi wangu akajiunga upya, akazikuta, akazituma zote tena. Kuna abiria walipata SMS ya tiketi moja mara tano, wengine wakapiga simu kuuliza kama wamekatwa pesa tena, na wale watu walikuwa na haki ya kuogopa. Ningekuwa nimeweka prefetch_count=1, yaani mfanyakazi apewe meseji moja tu mpaka aithibitishe, kazi ingekwama kwa meseji ya kwanza tu na ningegundua siku hiyo hiyo, lakini bila hiyo mfanyakazi anamwagiwa kila kilichopo.

Na hata ukiweka ack vizuri, meseji inaweza kuja mara mbili. Fikiria mfanyakazi ametuma SMS halafu stima ikapotea kabla hajathibitisha, RabbitMQ itajuaje? Kwa hiyo sasa kila tiketi ina namba yake kwa databesi, mfanyakazi anaangalia kwanza kama hiyo namba SMS yake ilishatoka. Kuna upenyo mdogo unabaki katikati ya kutuma SMS na kuandika kwamba imetoka, lakini malalamiko yameisha.

Kitu kingine ukizima RabbitMQ ukawasha, foleni haibaki mpaka uitangaze kuwa durable, yaani ya kudumu, na meseji nazo uziwekee delivery_mode=2 ili ziandikwe kwa diski, yote mawili, moja halitoshi. Masomo yenyewe yanakuambia wazi hata hapo si dhamana kamili, lazima mtumaji naye asubiri kuthibitishiwa. Mambo ya eksichenji, yaani sehemu inayoamua meseji iende foleni gani, na aina zake direct, fanout na topic, yanaeleweka haraka, sitayarefusha. Mimi fanout ndio natumia, malipo yakiingia tangazo moja linaenda foleni ya SMS, ya PDF na ya hesabu.

Angalieni tarehe ya video mnazofuata, nyingi zinafundisha foleni za kuakisi (mirrored queues), zinazonakiliwa kwa seva kadhaa, ambazo ziliondolewa kabisa toleo 4.0 mwaka 2024, siku hizi ni foleni za kworamu (quorum queues), ambapo seva nyingi kati ya zilizopo lazima zikubaliane. Kwa hizo, toleo la sasa, meseji mbovu inayoshindikana kila mara ikirudishwa zaidi ya mara 20 inatupwa, kwa hiyo tengeneza foleni ya kando ya kuzipokea, la sivyo tiketi ya mtu inapotea kimya kimya.

Kama mfumo wako una watu kumi kwa siku usijisumbue bado. Wanaoniuliza kuhusu Kafka, mfumo mwingine wa kupitishia meseji, kwa kazi za kugawiwa mmoja mmoja kama hizi zangu sijaona haja. Wiki hii namalizia uthibitisho wa upande wa mtumaji, nataka uwe umekaa kabla Desemba haijafika.