Programu ya kupanga rilei za kinga: hesabu safi, ukaguzi mpaka uuwashe

Nimeitumia programu hii kupanga rilei za mkondo uliozidi, yaani vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru laini ikatwe, zenye kutambua mwelekeo, katika mtandao wa umeme wa pete tatu zilizoungana, ambamo kila rilei hulinda laini yake na papo hapo ni akiba ya jirani, rilei ya huko ikishindwa, hivyo ukigusa moja umezigusa zote. Kwa mkono kazi hiyo hula siku nzima za kuizunguka pete mpaka namba zitulie. Humu ilichukua dakika chache.

Ninachokisifu zaidi ni njia ya hesabu. Mkondo wa kuanzia, yaani kiwango ambacho rilei huanza kuhesabu muda, ukishawekwa, muda wa rilei hupanda sawia na kizidishi chake cha muda, namba unayoiweka kurefusha au kufupisha subira yake, kwa hiyo tatizo lote hugeuka milinganyo ya mstari, na kila ukiirudia unapata jibu lilelile. Ile njia ya pili, ya kubahatisha na kuchuja vizazi vya majibu, ilinipa namba tofauti kila mara, nami nikaiacha.

Kasoro ni moja, ila ni nzito: bila kuamriwa, programu hukagua mtandao ukiwa mzima tu. Chukua jozi moja, rilei kuu na akiba yake, kwenye mkunjo wa kawaida wa shirika la viwango vya umeme IEC, unaotoa muda wa rilei kulingana na mkondo. Rilei kuu yenye kizidishi 0.10 iliona mkondo mara 10 ya ule wa kuanzia, ikafungua kwa sekunde 0.30, akiba yenye kizidishi 0.14 iliona mara 5, ikasubiri hadi 0.60. Pengo la sekunde 0.30 kati yao linatosha. Nilipoondoa laini sambamba inayolisha basi-baa ileile (kiungo kinachokutanisha laini), mkondo wote ulipitia ile iliyobaki: akiba ikaona mara 8 na kushuka hadi 0.46, rilei kuu ikaona mara 9 na kufika 0.31. Pengo likabaki 0.15, ambalo kivunja saketi, swichi inayokata laini kwa amri ya rilei, hakina nafasi ya kumaliza kazi ndani yake, na hitilafu ya laini moja ingezima mbili. Ripoti bado iliandika kwamba jozi zote zimefaulu.

Kipengele cha kukagua laini zikiwa nje kipo, kimefichwa ndani ya mipangilio. Nilipokiwasha, jumla ya muda wa rilei iliongezeka kidogo na mapengo yakarudi kutosha. Kiwasheni kabla ya hesabu ya kwanza, kisha hakikisheni vizidishi vinalingana na hatua ambazo rilei zenu hupokea, kwa sababu programu haivisogezi kwenye hatua hizo yenyewe.