Uigizaji na Kisa katika Tamthilia ya The Bund

Tamthilia ya The Bund, iliyorushwa na kituo cha TVB cha Hong Kong mwaka 1980 kwa lugha ya Kikantoni, inasimulia magenge ya Shanghai ya zamani katika vipindi 25, na nguvu yake kubwa imo katika uigizaji wa Chow Yun-fat. Akiwa Hui Man-keung, msomi aliyeingia katika ujambazi, anavaa koti refu jeusi na skafu nyeupe, lakini kinachomnasa mtazamaji ni macho yake, ambayo hutulia pale ambapo mwigizaji mwingine angepaza sauti, hata usijue kama amesamehe au ameshaamua kuua. Ray Lui, kama Ding Lik, anaanza kwa papara za kijana wa mtaani anayeuza matunda, kisha uso wake unakauka kadiri anavyopanda cheo. Mabadiliko hayo nayapenda mno. Katikati ya kisa visasi vinajirudia na mwendo unazorota. Hata hivyo, Hui anapolazimika kuchagua kati ya kumpenda Fung Ching-ching na kulipiza kisasi dhidi ya baba wa msichana huyo, mkuu wa genge, sikuweza kubanduka kwenye kiti.